Haki ya Aliyelala

Katika vitabu vya sheria zimo haki nyingi za binadamu, lakini haki moja haionekani sana humo: haki ya mtu aliyelala kuamshwa na mtu aliye macho, hatari inapokuja. Sababu ya kutoonekana kwake si ngumu kuijua. Haki nyingine zina wadai. Mfanyakazi hudai ujira wake, mnunuzi hudai kipimo chake, mke hudai matunzo yake, na kila mmoja ana kinywa cha kusemea. Aliyelala hana kinywa. Hajui kuwa anadai, na mwenye kudaiwa naye aghalabu hajui kuwa anadaiwa. Deni lao hulala pamoja na mdai wake, na mara nyingi huamka asubuhi, wakati wa kuhesabu maiti.

Nimechagua kulitazama jambo hili kwa mfano wa usiku mmoja wa baridi katika Bahari ya Kaskazini, kuamkia tarehe 1 Februari 1953. Mfano huu uko mbali na pwani yetu, wala sitaulazimisha uje karibu. Mtu hujifunza hesabu kwa fedha asizokuwa nazo mfukoni.

Msomaji aliyekulia pwani hahitaji kufundishwa bamvua. Anajua kuwa mwezi uandamapo, na mwezi uwapo mpevu, maji hujaa kupita desturi na kupwa kupita desturi, na kwamba baada ya siku chache huja maji mafu. Bahari ya Kaskazini ina bamvua kama bahari nyingine, lakini umbo lake lina hila. Upande wa kaskazini ni pana na ina kina. Upande wa kusini, baina ya Uingereza na Uholanzi, ni nyembamba na kina chake ni kifupi, mfano wa gunia lililobanwa mdomo. Dhoruba za majira ya baridi, ambayo huko huwa Desemba mpaka Februari, zikivuma kutoka kaskazini husukuma maji yaingie katika gunia hilo. Yakifika penye wembamba hayana njia ila kupanda juu. Tena katikati ya dhoruba uzito wa hewa hupungua, na bahari iliyopunguziwa mzigo huinuka. Mwezi ulikuwa mpevu usiku wa tarehe 29 Januari. Dhoruba iliingia bahari hiyo tarehe 31. Mahali pengine maji yalipanda karibu mita 3 juu ya kiasi kilichotazamiwa.

Siku hiyo ilikuwa Jumamosi. Asubuhi meli ya abiria Princess Victoria ilitoka Stranraer katika Scotland kwenda Larne katika Ireland ya Kaskazini. Mawimbi yalivunja milango yake ya nyuma, sitaha ya magari ikajaa maji, na mchana ikazama. Zaidi ya watu 130 walikufa, na katika waliookoka hapakuwa na mwanamke wala mtoto hata mmoja. Fundi wa simu ya upepo, David Broadfoot, alibaki mahali pake akipeleka habari mpaka mwisho, ili waokoaji wajue meli ilipo. Akazama nayo, na baada ya kufa kwake akatunukiwa nishani ya George Cross. Namtaja mapema kwa sababu yeye ni mtu aliyejua deni lake. Alikuwa na kazi ya kusema, akasema mpaka maji yakamnyamazisha. Wengi katika habari itakayofuata hawakuwa waovu kuliko yeye. Walikuwa watu ambao hawakupewa kazi ya kusema.

Jioni bahari ilianza kuteremka na pwani ya mashariki ya Uingereza. Karibu saa moja za usiku ilivunja kuta za Lincolnshire na kuingia katika miji ya Mablethorpe na Sutton. Karibu saa moja na nusu gari la moshi lililotoka Hunstanton kwenda King's Lynn liligongana na nyumba iliyokuwa ikielea juu ya reli. Huko Hunstanton, askari wa anga wa Marekani, Reis Leming, kijana wa miaka 22 asiyejua kuogelea, aliingia majini akisukuma mashua ya mpira, akaokoa watu 27. Maji hayakungoja sifa zake. Yaliendelea kusini, yakafika kisiwa cha Canvey, katika mlango wa mto Thames, baada ya saa saba za usiku. Kisiwani humo walikufa karibu watu 60, wengi wakiwa na nguo za kulalia, katika vyumba vya nyumba ndogo zisizo na ghorofa. Jumla ya waliokufa nchi kavu katika Uingereza usiku ule ni 307.

Hesabu saa hizo, msomaji. Tangu saa moja mpaka saa saba ni saa sita. Mvuvi yeyote wa pwani ile anajua kuwa maji makuu hushuka kutoka kaskazini kwenda kusini, bandari baada ya bandari, kwa nyakati zilizochapwa katika vitabu. Watu wa Lincolnshire walikwisha kuona kwa macho yao jambo ambalo watu wa Canvey wangeliona baada ya saa sita. Saa sita zatosha kuamsha kisiwa kizima, kuwavika watoto nguo nzito, na kuwachukua wazee mahali palipoinuka. Zilipita bure. Maji yalisafiri maili nyingi, na habari zao zikabaki nyuma.

Nani mkosaji? Hapa ndipo swali langu linapoanza kuwa gumu, maana kila nikimtafuta simpati. Polisi wa kaskazini alikuwa ndani ya maji mpaka kifuani akiwatoa watu wa mji wake. Tungemlaumuje kwa kutopiga simu katika mji mwingine? Simu zenyewe mahali pengi zilikatika. Hapakuwa na ofisi iliyoagizwa kupokea habari za bahari kutoka kila bandari na kuzifikisha kwa wale wa mbele. Kila mtu alitimiza kazi aliyoandikiwa, na katika nafasi iliyobaki baina ya kazi ya huyu na kazi ya yule, watu walizama.

Wako wanaosema kuwa pasipo mkosaji hapana kosa, na kwamba msiba wa namna hiyo ni wa kuandikwa katika daftari ya majaliwa. Mimi sikubali. Wajibu wa wote ambao haukukabidhiwa mtu ni kama mtoto aliyeachwa sokoni: kila apitaye humhurumia, na kila apitaye hudhani kuwa mwenyewe yu karibu. Kosa lipo, nalo ni la jamii yote iliyoishi kando ya bahari ile karne nyingi, ikajua tabia yake, isimteue mtu mmoja na kumwambia: wewe usilale, na ukiona jambo, piga mlango huu na huu. Tume ya Lord Waverley, iliyoundwa baada ya msiba, ilifikia shauri lisilo mbali na hili, na tangu mwaka ule Waingereza wakawa na chombo cha kuonya pwani nzima juu ya bahari ya dhoruba. Twaweza kusema kuwa chombo hicho kilianzishwa kwa roho 307.

Ng'ambo ya pili, katika Uholanzi, habari ni nyingine, na kwa maoni yangu ni ya kutisha zaidi. Huko mwenye kujua alikuwapo na alisema. Wataalamu wa hali ya hewa waliona jioni kuwa maji ya hatari yatakuja. Walipeleka telegramu kwa waliojiandikisha kupokea maonyo hayo, na habari ikatajwa katika redio. Lakini katika mashirika mengi ya kutunza matuta, yaliyojiandikisha yalikuwa machache. Saa sita za usiku redio ilifunga matangazo yake kama ilivyokuwa desturi, ikawatakia watu usiku mwema. Baada ya saa chache matuta ya kusini-magharibi yakaanza kukatika, moja baada ya jingine. Watu 1,836 walikufa. Wengi hawakufa usiku. Walipanda juu ya mapaa, wakangoja kwa baridi, na alasiri ya Jumapili maji yakajaa mara ya pili, yakabomoa kuta zilizokwisha kulegea na kuwachukua.

Tukio hili latulazimisha kupambanua mambo mawili ambayo lugha yetu huyachanganya. Kusema ni tendo la msemaji. Huisha neno litokapo kinywani. Kuonya ni tendo la watu wawili, na haliishi mpaka anayeonywa ameamka na kufahamu. Mtu akisimama nje ya nyumba inayowaka na kunong'ona "moto", hawezi kujitetea mbele ya kadhi kuwa alisema. Ofisi iliyotoa taarifa kwa maneno ya kiofisi, kwa saa za kiofisi, kwa wale tu waliolipa ada ya kuipokea, ilisema. Maneno "maji ya hatari" yalikuwa na maana kamili kwa wahandisi. Kwa mkulima aliyekwisha kuyasikia dhoruba nyingi, na kila mara akaamka akakuta ng'ombe wake wazima, yalikuwa sauti miongoni mwa sauti za upepo. Sisemi hivi kwa kuwadharau wataalamu wale. Walifanya zaidi ya walivyoamriwa na sheria. Nasema kuwa sheria yenyewe ilikuwa imekiri deni na kulipa robo.

Kulikuwa na mwingine aliyejua, na kujua kwake kulikuwa kwa miaka. Johan van Veen, mhandisi wa serikali ya Uholanzi, alikuwa katibu wa tume iliyoundwa mwaka 1939 kuchunguza mafuriko ya dhoruba, na hesabu zake zilionyesha kuwa matuta mengi ya kusini-magharibi yalikuwa mafupi. Hesabu hizo hazikupigiwa mbiu. Kisha ikaja vita. Mwaka 1944 matuta ya kisiwa cha Walcheren yalibomolewa kwa mabomu ili adui afukuzwe humo kwa maji. Nchi ilitoka vitani maskini, ikiwa na madaraja na nyumba za kujengwa upya, na tuta lililosimama lilionekana kuwa tuta zima. Usipoziba ufa utajenga ukuta: Waswahili walilisema hili kwa nyumba ya udongo, lakini hapana nchi iliyolilipia ghali kama Uholanzi.

Sasa, je, serikali isiyo na fedha za kuziba ufa ina wajibu wa kuwaambia watu kuwa ufa upo? Watawala wa nchi zote wana jibu moja la siri, nalo ni hapana. Husema kuwa habari isiyo na dawa huzaa hofu, na hofu huzaa fujo. Nimeyafikiri maneno haya kwa muda, nami naona yana dharau ndani yake iliyovikwa nguo ya huruma. Serikali ilikosa fedha za kuinua tuta. Mkulima hakukosa ngazi. Angejua, angelala darini usiku wa bamvua na upepo wa kaskazini-magharibi. Angefunga mashua mlangoni. Angempeleka mama yake mzee kwa ndugu waishio mbali na bahari. Dawa kubwa ilikosekana, lakini dawa ndogo mia zilikuwamo mikononi mwa watu wenyewe, na walizuiwa kuzitumia na wale waliodhani kuwa isipokuwapo dawa ya dola hapana dawa.

Baada ya msiba Waholanzi walifanya kazi ya kustaajabiwa. Waliziba milango ya bahari kwa matuta na malango makubwa. Lango la Oosterschelde likafunguliwa rasmi mwaka 1986. Lakini hata katika kazi hiyo limejificha swali la maadili ambalo wasafiri wanaopiga picha za malango hayo hawaliulizi. Tuta liwe refu kiasi gani? Hapana tuta la kuzuia kila bahari, na kila shubiri ya urefu ina gharama. Tume iliyopewa kazi hiyo, ikisaidiwa na mwanahesabu David van Dantzig, ilipima gharama ya kuinua tuta na hasara ya kutoliinua, na mwaka 1960 ikatoa shauri: pwani ya kati ya Holland, yenye miji mikubwa na viwanda, ilindwe na maji yanayotazamiwa kuja mara moja tu katika miaka 10,000. Jimbo la Zeeland, lenye wakulima na wavuvi, likapata kinga ya maji ya mara moja katika miaka 4,000. Na Zeeland ndilo jimbo lililozika watu wengi zaidi mwaka 1953.

Mwenye hesabu atasema kuwa hapana dhuluma hapo: penye watu wengi na mali nyingi, fedha ile ile huokoa zaidi. Siwezi kumkanusha kwa hesabu. Lakini mtu hafi kwa jumla. Hufa mmoja mmoja, na mjane wa kijijini hapunguziwi machozi kwa kuwa mtaa wake una nyumba chache. Nafurahi kuona kuwa Waholanzi wenyewe hawakutulia juu ya jibu lao la kwanza. Tangu 2017 sheria yao imeweka msingi mwingine: kila aishiye nyuma ya tuta, awe wa mjini au wa shamba, nafasi yake ya kufa kwa mafuriko katika mwaka mmoja isizidi moja katika 100,000. Mali bado huongeza kinga mahali pengine, lakini kipo kiasi ambacho roho ya mtu yeyote haiwezi kuuzwa chini yake. Iliwachukua zaidi ya miaka hamsini kulisema hilo kwa tarakimu.

Nimesema sana juu ya mwenye kujua, na ni haki nimgeukie anayeonywa, maana naye hana mikono safi daima. Jaywick ni mji mdogo wa pwani ya Essex, wa nyumba zilizojengwa kwa ajili ya mapumziko ya kiangazi, ambazo watu wa kipato kidogo walizifanya makazi ya mwaka mzima. Mwaka 1953 walikufa humo zaidi ya watu 30. Tarehe 13 Januari 2017 wataalamu waliona dhoruba ya namna ile ile ikija. Polisi na askari wa jeshi wakapita mlango kwa mlango katika nyumba zaidi ya elfu mbili wakiwataka watu watoke. Baadhi walitoka. Baadhi walikataa. Usiku bahari ilikuja, ikapungua kidogo kuliko ilivyohofiwa, ikarudi. Kesho yake waliokataa walikuwa wamekaa katika viti vyao, na waliotii walirudi na mafurushi yao. Nani alikuwa na busara? Macho yatasema waliobaki, na macho ni mashahidi wabaya katika shauri la namna hii. Aliyecheza kamari akapata hakuwa na haki ya kucheza kwa kuwa amepata.

Kisa cha Nabii Yunus chajulikana na watu wa dini zaidi ya moja. Aliwaonya watu wa Ninawi juu ya maangamizi, watu wakasikia, maangamizi yasije. Na katika masimulizi mengine ya kisa hicho nabii akakasirika. Sijui kisa kinachoueleza moyo wa mwonyaji kwa ukweli zaidi. Onyo lililofaulu hufanana kabisa na onyo la uongo: katika yote mawili hapana aliyekufa. Ndiyo sababu mwonyaji huogopa. Akinyamaza na maji yakaja, kosa litagawanywa kwa wengi mpaka lisionekane. Akisema na maji yasije, kicheko kitamwangukia peke yake. Mizani hiyo imepinda, na jamii ndiyo iliyoipinda. Mtu akitaka kuwa na walinzi wanaosema mapema, hana budi kuwavumilia wanapoamsha bure, wala si kwa uvumilivu wa kununa. Tarehe 5 Desemba 2013 bahari ilipanda mahali pengi pa pwani ya mashariki ya Uingereza sawa na 1953 au kupita. Nyumba zipatazo 2,800 ziliingia maji, maelfu waliondolewa mapema, na vifo viwili vilivyotokea nchini vilikuwa vya upepo. Siku ile haisimuliwi. Hapana nyimbo za mtu ambaye hakufa.

Juu ya wale wanaokataa kutoka, sina jibu la upesi. Mtu mzima mwenye akili ana haki ya kuhatarisha maisha yake, na sipendi dola inayovunja mlango wa raia kwa kumtakia heri. Lakini aliyebaki nyumbani habaki peke yake. Maji yakija ataita, na sauti yake itamvuta kijana mwingine asiyejua kuogelea. Uhuru wa kubaki ungekuwa kamili kama ungefuatana na uhuru wa wengine kutoitikia, na wanadamu, kwa bahati yao, hawakuumbwa kutoitikia. Hapo nimefika mahali ambapo haki ya mmoja imeingia katika nyama ya mwingine, nami naona afadhali askari agonge mlango mara tatu kwa nguvu kuliko mara moja kwa adabu.

Siku hizi twaambiwa kuwa vyombo vimemaliza taabu hii. Katika njia ya maji ya Rotterdam liko lango la Maeslant, lililofunguliwa mwaka 1997, ambalo hufungwa kwa uamuzi wa kompyuta. Waholanzi walihofu kuwa mtu, akifikiri hasara ya kuzuia meli, atasita. Tarehe 21 Desemba 2023 lilijifunga lenyewe kwa dhoruba, kama lilivyoagizwa. Lakini chombo hakisiti pale tu mtu alipokubali mapema kutosita. Tarehe 29 Oktoba 2024, katika jimbo la Valencia nchini Hispania, onyo la daraja ya juu kabisa la mvua lilitolewa na wataalamu asubuhi. Ujumbe wa hatari uliolia katika simu za watu wote ulipelekwa baada ya saa mbili za usiku. Zaidi ya watu 220 walikufa katika jimbo hilo. Kila mtu alikuwa na chombo mfukoni ambacho mkulima wa Zeeland hakukiota, na wengi walikisikia kikilia wakati maji yamekwisha kuwafika kiunoni.

Bahari inazidi kupanda kwa sababu ya joto la dunia, na lango la mto Thames, lililoanza kazi mwaka 1982, limekwisha kufungwa zaidi ya mara 200. Hata hivyo Waholanzi, pamoja na malango yao yote, hawakuivunja desturi moja ya kale. Maji yakiwa makuu na upepo ukiwa mbaya, watu wa kujitolea huitwa kutoka majumbani mwao, wengine wakulima, wengine walimu, wakatembea usiku juu ya matuta wakiwa na taa, kila mmoja na sehemu yake aliyoandikiwa, wakitafuta mahali udongo unapovuja. Nyuma ya tuta, chini kuliko bahari, nyumba zimezimwa taa, na watu wamelala.